Jaribio la Chupa Mbili: Kufundisha Vijidudu vya Maji kwa Vitendo Ushirombo
Kwa macho, maji maangavu ya kisima hayatofautiani na yaliyochemshwa. Jaribio la haidrojeni salfaidi huidhihirisha tofauti hiyo mbele ya wanafunzi: kila sampuli hutiwa katika chupa iliyotakaswa yenye karatasi ya kipimo, kisha huachwa mahali penye joto kwa saa 24 hadi 48. Penye bakteria wanaohusishwa na kinyesi, maji hugeuka meusi, kwani gesi waitoayo huungana na chuma kilichomo katika karatasi. Ulinganishi huo ndio somo lenyewe. Hata hivyo, Ushirombo imo katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Mwalimu asiishie hapo. Chupa isiyobadilika rangi haisemi lolote kuhusu zebaki itumiwayo na wachimbaji wadogo, na kuchemsha, ijapokuwa huua bakteria, si njia ya kuiondoa.