Anayemhudumia Mgonjwa Naye Alindwe

Wahudumu wa dharura, yaani wauguzi, madaktari na wale wanaofuatana na gari la wagonjwa usiku wa manane, hustahili sifa kwa kujitoa kwao. Lakini husikika pia watu wakiisifu hatari yenyewe, kana kwamba kumgusa majeruhi anayetoka damu bila glavu ni upendo mkubwa zaidi. Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, yatufundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, tuzitunze kwa busara. Mhudumu hakuondolewa wajibu huo siku alipovaa sare.

Tunaikumbuka Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, huko Gulu nchini Uganda. Ebola ilipozuka mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo, aliutambua ugonjwa mapema, akatenga wodi maalumu na kusisitiza mavazi ya kinga. Usiku mmoja alikimbilia kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyezidiwa. Alivaa barakoa, gauni na glavu, ila macho hayakukingwa. Alifariki dunia tarehe 5 Desemba mwaka huo. Hatusimulii haya kwa kumlaumu mtu yule mwema; twaona tu jinsi haraka inavyoweza kumnyang'anya hata aliye makini dakika moja ya kujikinga.

Hatari za kila siku hazivumi kama Ebola. Sindano iliyotumika, ikirudishiwa kifuniko, huweza kumchoma mhudumu kidole. Ndiyo maana hutupwa papo hapo katika kisanduku kigumu. Akichomwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, na atoe taarifa mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Wapo wanaonyamaza kwa aibu au kwa kuogopa lawama, na saa zinapita.

Nasi waamini tuna sehemu yetu. Ajali inapotokea barabarani, tusiwazonge wahudumu. Na mmoja akisema asubiriwe avae glavu, tusimpigie kelele. Mgonjwa mzito akibebwa na watu wawili migongo huumia, basi vijana washike machela kwa kufuata maelekezo ya mhudumu. Na pale parokia inapoendesha zahanati, halmashauri ya walei iulize katika kikao cha bajeti: glavu, miwani ya kinga na visanduku vya sindano vimetengewa kiasi gani?