Uzi Wetu Mpya

Mshonaji wa Marekani katika karne ya 19 alizijua herufi tatu zilizokuwa kwenye lebo ya kibiringi chake: O.N.T., yaani "Uzi Wetu Mpya". Ulikuwa uzi wa pamba wa nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, imara na laini, wa kuhimili mwendo wa cherehani. Waliouuza ni akina Clark, ukoo wa watengeneza nyuzi wa Paisley, Scotland, waliovuka bahari na kujenga viwanda kwenye kingo za Mto Passaic: Newark, kisha ng'ambo, upande wa Kearny, New Jersey.

Mwaka 1883 wafanyakazi wa akina Clark, wahamiaji kutoka Scotland, waliunda timu ya soka. Wakaipa jina la uzi ule ule: ONT. Jina hilo hunigusa kila nikilikumbuka. Mtu yuko ugenini, kutwa masikio yamejaa kelele za mashine, na bado anaingia uwanjani na jina la kazi ya mikono yake.

Ilikuwa soka ya ridhaa. Mkate ulitoka kiwandani. Mpira ulikuwa wa kukutana, kusikia lafudhi ya nyumbani, kuuliza nani kaja na meli ya juzi. Waskoti wa Kearny walihama na vyao vyote, samaki na chipsi, pai za nyama, zumari za mfuko, na kandanda ilikuwa kwenye mzigo huo huo.

Mwaka 1884 Chama cha Soka cha Marekani kiliundwa Newark na kuanzisha kombe lake. ONT walilitwaa mara tatu mfululizo: 1885, 1886 na 1887. Tarehe 28 Novemba 1885, wachezaji wao kadhaa waliichezea Marekani dhidi ya Kanada, hapo hapo nyumbani. Kanada ikashinda 1–0. Mechi hiyo haihesabiwi kuwa rasmi, lakini mbegu ilikwisha kupandwa.

Baadaye wakaja Kearny Waitaliano, Wareno na watu wa Amerika Kusini, wakaukuta mpira mtaani kama desturi ya mji. Marekani iliporudi Kombe la Dunia mwaka 1990 baada ya miaka 40, golini alisimama Tony Meola, mtoto wa Waitaliano. Katika safu ya kiungo walikuwapo John Harkes, mtoto wa Mskoti, na Tab Ramos, mzaliwa wa Uruguay. Wote watatu walipitia viwanja vya Kearny.