Mbona sakafu ya saruji itoe vumbi?

Kabla ya kuendelea kusoma, hebu fanya jaribio dogo. Fagia sebule yako vizuri, kisha pitisha kiganja sakafuni. Kikitoka na ungaunga wa kijivu, basi jua kwamba unachofagia kila asubuhi si uchafu ulioletwa na viatu vya watoto. Ni sakafu yenyewe. Unaizoa kidogo kidogo na kuitupa jaani, ilhali uliinunua kwa pesa zako, mfuko baada ya mfuko.

Malalamiko ya aina hii ni ya kawaida mjini Kitale, kuanzia mitaa ya Tuwan na Matisi hadi mashambani kule Kiminini na Endebess. Familia hujinyima, magunia ya mahindi yakauzwa, saruji ikanunuliwa. Fundi huja asubuhi na kufikia jioni sakafu inang'aa hata mtu akaona uso wake. Mwaka haujaisha, inabambuka kama ngozi iliyoungua na mlangoni pamechimbika shimo. Lawama humwendea mwenye duka kwamba aliuza saruji mbovu. Aghalabu saruji haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa haraka.

Na usidhani kwamba sakafu laini ni urembo wa wenye nacho. Funza hupenda mchanga mkavu na vumbi la nyumba ya udongo, na mtoto anayetambaa hula chochote kilichoko chini. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka wa 2000 kuwamwagia maskini sakafu za saruji mahali pa udongo mtupu. Watafiti walipochapisha matokeo mwaka wa 2009, walisema minyoo miongoni mwa watoto wadogo ilikuwa imepungua kwa asilimia 78. Lakini faida hiyo ni ya sakafu inayopigika deki. Ile yenye nyufa na mashimo huficha uchafu vilevile.

Akina mama wa Trans Nzoia na Bungoma wanaijua kazi hii tangu jadi. Anayekandika nyumba kwa udongo na samadi hapaki tabaka la mwisho wakati la chini lingali rojorojo. Husubiri livute, ndipo apitishe kiganja na kuziba vitundu vyote. Fundi wa saruji naye hafanyi jambo tofauti. Kwake kiganja ni chuma.

Tuanze na mchanga. Chukua chupa nyeupe, itie mchanga hadi nusu, ongeza maji, tikisa, kisha iache saa kadhaa. Mchanga utazama na tope litajipanga juu yake. Tope likizidi sehemu moja kwa kumi ya mchanga, mrudishie mwenye lori mzigo wake au uuoshe kwanza. Tope hilo ndilo litakalopanda juu ya sakafu na kuwa vumbi.

Kwa tabaka la juu, lile la inchi moja na nusu au mbili linalomwagwa juu ya zege, kipimo ni karai moja la saruji kwa makarai matatu au manne ya mchanga. Maji yawe kidogo. Finyanga konzi moja mkononi: ishikane kama tonge la ugali, isichuruzike kati ya vidole. Vibarua hupenda uji mwepesi kwa sababu unatandazika bila jasho, lakini kila tone la ziada likiondoka huacha tundu nyuma yake. Na zege la chini liwe limefagiwa, limekwaruzwa, limeloweshwa na kupakwa uji wa saruji kwa brashi. Tabaka la juu lisiposhikana na la chini, utalisikia siku moja. Gonga kwa sarafu na mlio utakuwa wa debe tupu.

Vifaa havihitaji mtaji mkubwa. Fundi wako awe na pimamaji, uzi, na bao refu lililonyooka, la futi sita au zaidi, la kukokota huku na huku kama msumeno hadi tabaka zima lilingane. Kisha awe na kibao cha kusugulia chenye mshikio, na mwisho mwiko bapa wa chuma. Kwa nini viwili? Mbao ni mkavu, hukwaruza na kuuacha uso wazi, maji yakapata njia ya kutoka. Chuma huziba. Anayeanza na chuma hufungia maji ndani, na maji hayo yakitafuta njia baadaye hubambua uso mzima. Katika maghala makubwa hutumiwa mashine yenye mapanga yanayozunguka kama feni, lakini kanuni haibadiliki.

Sasa tufike penye kiini cha mambo. Baada ya sakafu kusawazishwa, maji hupanda juu yakametameta. Hapo pana kazi moja tu, nayo ni kukaa. Fundi asiguse kitu. Saa moja yaweza kupita, au tatu, kutegemea baridi ya siku hiyo, na Kitale, iliyo juu ya bahari kwa takriban mita 1,900, ina asubuhi za baridi kweli. Mng'ao ukishatoweka, naye akibonyeza kwa kidole gumba kikaacha alama hafifu bila kuzama, ndipo kibao kipite. Asubiri tena. Kisha chuma, mara ya kwanza kikilala kabisa, mara ya pili na ya tatu kikiinuliwa ukingo kidogo na kugandamizwa zaidi. Apige magoti juu ya vipande viwili vya mbao, aanzie pembe ya mbali akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

Ni katika kipindi hiki cha kungoja ambapo sakafu nyingi huharibiwa. Fundi analipwa kwa siku, ana kazi nyingine mtaa wa pili, naye anatazama jua. Atakwambia, "Mama, tunyunyize saruji kavu kidogo inyonye haya maji." Kataa. Saruji kavu juu ya maji hufanya ganda jembamba lenye ulaini wa kupendeza, lisilokuwa na undugu na kilicho chini yake. Hilo ndilo hupasuka kama utando wa buibui na kuondoka na ufagio. Kataa pia akitaka kurashia maji uso ulioanza kukaza ili chuma kiteleze. Mwandishi huyu anaona ni heri kumlipa fundi nusu siku zaidi ya kukaa tu kuliko kununua mifuko mingine mwakani.

Niru ni jambo jingine, nayo isichanganywe na unyunyizaji huo. Neno hilo lilitupandia bara kutoka pwani, ambako watu walilainisha kuta kwa chokaa karne nyingi kabla ya saruji. (Hata "sakafu" yenyewe katika Kiarabu ni paa. Unguja, mapaa bapa ya chokaa yalipigwa kwa vijiti siku kadhaa, watu wakiimba, hadi yakashikana.) Niru ya sakafuni ni saruji iliyokorogwa na maji ikawa nzito kama uji wa mtoto, ikatandazwa kwa wembamba siku ileile, tabaka la chini likiwa limekaza lakini halijakauka, kisha ikasuguliwa kwa chuma. Anayetaka sakafu nyekundu huchanganya rangi ya unga humo humo kwenye niru, si kuipaka baadaye.

Usikubali kila mahali palainishwe, hata hivyo. Bafu, veranda na ngazi viishie kwenye kibao, au vipigwe mistari kwa ufagio mgumu vikiwa vibichi. Sakafu ya chuma ikiloa ni utelezi mtupu, na nyanya akianguka hapo hatauliza iling'aa kiasi gani. Uwanja wa kuanikia mahindi nao hauhitaji kung'aa. Unahitaji kuwa imara usitoe mchanga unaochanganyika na nafaka.

Kuna wanaodhani kwamba fundi akiondoka kazi imekwisha. La hasha! Saruji haikauki kama shati kwenye kamba. Hushikana kwa kunywa maji, na ikinyimwa husimama ilipofika. Kesho yake tandaza magunia au karatasi ya nailoni na uhakikishe pamelowa usiku na mchana kwa siku saba. Kufikia hapo inakuwa imepata takriban thuluthi mbili ya nguvu ambazo wahandisi huzipima siku ya 28. Kati ya Disemba na Machi, upepo mkavu ukivuma hapa kwetu, funga madirisha kabla hujamwaga hata karai moja, maana uso unaweza kupasuka siku ileile. Msimu wa mvua, weka nailoni karibu na veranda. Mvua ya mawe ya Kitale haibishi hodi.

Na wewe unayesaidia kuchanganya, vaa gambuti. Saruji mbichi huchoma ngozi polepole, nawe hutajua hadi jioni. Ikikurukia, nawa papo hapo.

Je, ikiwa sakafu tayari inatoa vumbi? Gonga kila mahali kwa ile sarafu. Ikiwa mlio ni mzito na kinachotoka ni ungaunga tu, isugue kwa brashi ya waya, ioshe, iache ikauke kabisa, kisha muulize mwenye duka dawa ya maji ya kugandisha uso wa saruji na uipake mara mbili. Palipo na mlio wa debe, hapana dawa. Mwite fundi apavunje hadi kwenye zege, aanze upya, nawe uketi mlangoni na kiti chako hadi ule mng'ao wa maji utoweke.