Utunzaji na Uvutaji wa Dawa za Sindano kwa Punda na Farasi

Wananchi wanaofuga punda na farasi Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba dawa ya sindano inaweza kupoteza nguvu yake, au kuleta madhara, hata kama imenunuliwa mahali panapostahili na muda wake haujamalizika. Sababu kubwa ni namna dawa hiyo inavyowekwa na namna inavyovutwa kutoka katika kichupa chake. Jambo hili halifai kudharauliwa, hasa kwa punda wa gari, ambaye mgongo wake ndio riziki ya nyumba nzima.

Mfano ulio wazi ni chanjo ya pepopunda. Miongoni mwa wanyama wanaofugwa, farasi na punda ni wepesi mno kudhuriwa na maradhi hayo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, navyo huingia mwilini kwa njia ya jeraha la kwato, mchomo wa msumari au kidonda kilichosababishwa na matandiko ya gari. Chanjo yake inatakiwa ikae katika baridi ya baina ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Wengi wanafahamu kwamba joto huiharibu. Wasiofahamika sana ni uharibifu unaotokana na barafu. Chanjo hii ikiganda huwa imeharibika, na kuiyeyusha hakuirejeshei nguvu yake. Mwenye mnyama huondoka akiamini kwamba punda wake amekingwa, na hutambua kinyume chake pale mnyama anapokakamaa na taya zake zikafunga. Wakati huo matibabu ni magumu, na wanyama wengi hawaponi.

Kwa hivyo, dawa zinazohitaji baridi ziwekwe katika rafu ya katikati ya jokofu, mbali na sehemu ya kugandishia barafu, na zisiwekwe mlangoni ambako baridi hupanda na kushuka kila jokofu linapofunguliwa. Ni vyema kukawa na kipimajoto ndani yake. Wakati wa safari ya kwenda shamba, dawa ichukuliwe katika kisanduku cha kuhifadhia baridi, na barafu ifungwe kwa kitambaa ili kichupa kisigusane nayo.

Suala la umeme nalo linahitaji kuzingatiwa. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kipindi cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kilikosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Umeme unapokatika, hata kwa muda mfupi, mlango wa jokofu usifunguliwe pasipo haja. Kukatika kukirefuka, dawa zihamishiwe katika kisanduku cha baridi, na daktari wa mifugo aulizwe kabla ya kutumika tena. Dawa iliyokwishaharibiwa na joto haitengenezeki kwa kurejeshwa baridini.

Si kila dawa hutunzwa kwa namna moja. Zipo zinazohitaji kivuli tu na kukingwa na mwanga, na zipo zinazohitaji baridi. Maelezo yaliyobandikwa katika kichupa ndiyo ya kufuatwa. Penisilini ya prokaini ni mfano mwengine: ikiachwa katika joto, prokaini hutengana na penisilini, na mnyama akichomwa huweza kupatwa na wazimu wa ghafla, akaruka na kuanguka. Dawa hiyo pia huchomwa katika mnofu tu. Ikiingia katika mshipa wa damu huweza kumuua mnyama.

Wakati wa kuvuta dawa, utaratibu ufuatao uzingatiwe:

(a) Mikono ioshwe kwa sabuni, kisha jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi visomwe. Dawa iliyobadilika rangi, au yenye chembe zisizo za kawaida, isitumike.

(b) Dawa ambayo hujitenga ikitulia itikiswe mpaka ichanganyike sawasawa. Vyenginevyo kipimo cha mwanzo huwa chepesi na cha mwisho huwa kizito kupita kiasi.

(c) Kizibo cha mpira kipanguswe kwa pamba yenye spiriti, na kiachwe kikauke.

(d) Bomba na sindano viwe vipya. Hewa yenye ujazo sawa na dawa inayohitajika iingizwe katika kichupa, kichupa kigeuzwe juu chini, kisha dawa ivutwe taratibu na mapovu yatolewe.

(e) Sindano ibadilishwe kabla ya kumchoma mnyama, kwani iliyopita katika mpira huwa imepoteza ukali. Sindano isiachwe ikining'inia katika kizibo, kwa sababu huwa ni mlango wa uchafu.

(f) Dawa mbili zisichanganywe katika bomba moja bila ya agizo la daktari, na dawa iliyobaki katika bomba isirejeshwe katika kichupa.

(g) Tarehe ya kufungua iandikwe juu ya kichupa, na dawa isitumike baada ya muda uliotajwa na mtengenezaji.

Kutumia sindano moja kwa wanyama wawili ni hatari, kwani damu kidogo iliyobaki ndani yake inatosha kupitisha maradhi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwengine. Vilevile, dawa iliyomfaa ng'ombe isidhaniwe kuwa itamfaa punda. Tilmikosini, ambayo ni dawa ya ng'ombe, huweza kumuua farasi au punda akichomwa nayo, na imewahi kuua watu waliojichoma kwa bahati mbaya. Anayejichoma kwa dawa yoyote ya mnyama aende hospitali mara moja, naye achukue kichupa ili daktari aone ni dawa gani.

Sindano zilizotumika zisitupwe jaani wala ufukweni, ambako watoto hucheza na watu hupita miguu mitupu. Zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, na zipelekwe katika kituo cha mifugo au cha afya kwa ajili ya kuteketezwa. Dawa zote ziwekwe mahali pa kufungwa, mbali na chakula na watoto.

Chanjo ya pepopunda kwa kawaida huanza kwa sindano mbili zinazopishana wiki nne hadi sita, kisha hurejewa kila mwaka. Wafugaji wanaombwa kuonana na maofisa wa mifugo wa wilaya zao kwa ajili ya chanjo hiyo, na wasisite kuuliza dawa imewekwa wapi na kwa baridi gani kabla mnyama hajachomwa. Ofisa naye anawajibika kutoa jibu.