Oksi, Mume Wangu na Yule Dada wa Kijapani

Kuna mwanamke ambaye kwa miaka mitatu alikuwa anamsalimia mume wangu kila alfajiri kabla yangu. Sauti laini, adabu tele, na hajawahi kumwomba hela ya sokoni. Kabla hujaanza kunionea huruma, mwenzangu, nikwambie anakoishi: ndani ya dashibodi ya gari letu.

Kama umewahi kupanda gari la mtumba kutoka Japani, unamjua. Ukiwasha tu, anaongea Kijapani chake, kisha anakaa kimya. Nyumbani tulimbatiza jina la Bi Mdogo. Siku moja rafiki yetu aliyesoma Japani alipanda gari, akacheka mpaka machozi. Kumbe dada wa watu alikuwa anakumbusha tu kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za huko kwao, haijachomekwa. Miaka yote hiyo tunadhani anatutakia safari njema, kumbe anadai kadi!

Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaongea kuliko sisi. Mimi na Baba Nasra tunatoka Mbezi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na foleni ikiamua, tunafika mjini karibu saa mbili. Saa mbili na zaidi, watu wawili wanaopendana, kwenye kiboksi cha bati, na maneno yenyewe ni haya: gesi imeisha, luku inakaribia kukata, ada ya mtoto lini. Baada ya hapo kila mtu na dirisha lake. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumenyamaza, na ukimya ukizoeleka, unaanza kuuona kama fenicha ya nyumbani.

Redio nayo haikutusaidia. Premio yetu ni ya mwaka 2004 na ina skrini yake ya kiwandani, kila kitu Kijapani. Redio za FM za magari ya Japani ya miaka hiyo zinashika masafa ya 76 hadi 90. Huku kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Piga hesabu mwenyewe: unabaki na kipande kidogo tu, stesheni mbili tatu, basi. Sehemu ya CD ilishagoma. Tundu la kuchomeka simu au kicheza muziki, halipo.

Kitu kilichokuwa kwenye droo

Mwezi mmoja nilikuwa napanga droo ya kitandani nikakuta kicheza MP3, kadogo kama kiberiti. Baba Nasra alinipa mwaka 2011, tukiwa chuoni, kabla hajawa baba wa mtu yeyote. Nilikachomeka chaji bila matumaini. Kakawaka.

Mle ndani mlikuwa na nyimbo zetu zote za enzi zile. Halafu kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa. Kale kadude kana maiki ndogo, na yeye alikuwa amejirekodi katikati ya nyimbo akijifanya mtangazaji. Anatangaza hali ya hewa ya bweni la wasichana. Anatuma salamu kwa "msikilizaji wetu pekee". Anasoma taarifa ya habari kwamba kijana mmoja ameonekana akitembea kwa miguu kurudi bwenini kwake kwa sababu nauli amenunulia chipsi za watu.

Nilikaa chini sakafuni nikasikiliza yote. Nikajiuliza, huyu mtangazaji amekwenda wapi? Nikaamua nitamsikilizisha mwenyewe, kwenye gari, asubuhi moja, bila kumwambia. Sapraizi. Kumbe naelekea kuharibu.

Sapraizi iliyotumbukia nyongo

Baba Nasra aliposafiri kikazi siku mbili, nilipeleka gari kwa fundi wa pembeni mwa barabara. Nikamwambia, "Kaka, nataka oksi." Akajibu, "Dada, hiyo kazi ya nusu saa." Ukisikia sentensi hiyo, msomaji wangu, shika funguo zako uondoke.

Alichomoa betri bila kuniuliza chochote. Akang'oa redio. Hakupata tundu lolote, akakata nyaya za spika na kuungia waya wa kicheza muziki hapohapo. Aliporudisha betri, skrini ikajifunga. Ikatoa mstari wa herufi na tarakimu, ikaomba namba ya siri. Bi Mdogo akanuna. Sauti hakuna. Shilingi elfu themanini na tano zangu zilishaenda.

Baba Nasra aliporudi na kuwasha gari, alinitazama. Nilitegemea atagomba kuhusu hela. Hakugomba. Alisema, "Mama Nasra, gari ni letu sote wawili. Kwa nini hukuniambia?" Nikamjibu kwa hasira, "Ningekuambia saa ngapi? Tunaongea saa ngapi sisi?"

Hapo ndipo ilipotoka. Pale pale kwenye maegesho, mashine inaunguruma, tukaongea kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Hayakuwa mazungumzo matamu, lakini yalikuwa mazungumzo. Mwisho wake nikatoa kicheza muziki kwenye mkoba, nikampa sikio moja la spika za masikioni, mimi nikabaki na jingine. Alijisikia akitangaza hali ya hewa ya bweni. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Jumamosi twende Gerezani. Wote wawili."

Ijue redio yako kwanza

Kabla ya Jumamosi hiyo tulifanya kile ambacho ningefanya tangu mwanzo: tuliuliza na tukasoma. Nakupa kwa ufupi ili wewe usilipe ada ya ujinga kama mimi. Njia ziko nyingi, na inayokufaa inategemea redio uliyo nayo, wala si maneno ya fundi.

*Kaseti yenye waya.* Kama redio yako ina sehemu ya kaseti, una bahati kuliko unavyodhani. Kuna kaseti ya bandia yenye waya. Unaichomeka, upande wa pili unaingia kwenye kicheza muziki. Ndani yake kuna kisumaku kinachopeleka sauti kwenye kichwa cha kusomea kaseti. Hakuna cha kufungua wala kukata.

*Kirusha FM.* Hiki ni kale kadude ka kuchomeka pale pa kuwashia sigara. Kinageuka kuwa kastesheni kako mwenyewe. Ni rahisi na hakihitaji fundi. Tatizo ni kwamba vingi huanzia 87.5, na redio ya Kijapani inaishia 90, kwa hiyo mnakutana kwenye uchochoro mwembamba. Ukipita karibu na mnara wa stesheni kubwa, wimbo wako wa mahaba unaingiliwa na matangazo ya sabuni. Kipo pia kifaa cha kupanua masafa, mafundi wanakiita ekspenda, kinachofungwa kati ya antena na redio. Hicho kitakupatia stesheni zaidi za hapa nyumbani, ila zitasomeka kwa namba tofauti na zile unazozijua.

*Mlango wa nyuma.* Hii ndiyo siri ambayo wengi hatuijui. Redio nyingi za kiwandani ambazo mbele hazina tundu, nyuma zina soketi iliyoachwa kwa ajili ya kibadilisha CD, lile boksi lililokuwa linakaa kwenye buti na CD sita. Zipo skrini zenye soketi ya kuingizia picha na sauti. Ukipata waya au kiboksi chake sahihi, unachomeka tu. Lakini uelewe jambo moja: kwa redio nyingi za aina ya kwanza, waya mtupu hautoshi. Redio haifungui njia ya sauti mpaka isikie kibadilisha CD kinaitika. Kazi ya kile kiboksi ni kuitika kwa niaba yake.

*Kulehemu ndani ya redio.* Inawezekana, na mafundi wa kweli wanaifanya kwa kuingiza sauti kabla ya kikuza sauti. Ni kazi ya meza, taa na mkono uliotulia. Isifanyike juu ya boneti. Na kamwe usikubali kicheza muziki kiungwe kwenye nyaya za spika. Zile nyaya zinatoa sauti iliyokwisha kukuzwa. Zinaweza kukiua kifaa chako na redio pamoja.

*Kubadili redio nzima.* Siku hizi skrini mpya zenye Bluetooth zimejaa madukani. Ukichagua njia hii, kumbuka nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi ina upana wa milimita 200, wakati redio za kawaida zina 178. Bila vipande vya pembeni, itabaki na mapengo kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Na skrini inayometameta inapendwa na wewe, inapendwa na wezi pia.

Jumamosi ya Gerezani

Fundi wa pili alikuwa mzee wa makamo, miwani puani. Kitu cha kwanza aliuliza: "Namba ya kufungulia mnayo?" Hatukuwa nayo. Akanakili yale maandishi ya kwenye skrini, akapiga simu, akaitafuta namba kwa kutumia maandishi hayo, akaiingiza. Bi Mdogo akafufuka akidai kadi yake. Baba Nasra akacheka, na mimi nikacheka, na mzee akatutazama kama vichaa.

Kisha akairudishia nyaya za spika zilizokatwa, moja baada ya nyingine. Akageuza redio, akaonyesha kwa bisibisi. Soketi ya picha na sauti ilikuwepo, na vumbi lake la miaka ishirini. Wala haikuwa imewahi kuguswa. "Mlango ulikuwepo, shemeji," aliniambia. "Jamaa yako alibomoa ukuta."

Waya wake ulitugharimu elfu ishirini. Aliupitisha nyuma ya dashibodi ukatokea kwenye kikabati cha mbele ya abiria, mahali ambapo dereva hafiki. Nikamuuliza kwa nini huko. Akasema, "Anayeendesha aendeshe."

Tulipojaribu tukasikia mlio mwembamba, mashine ikipanda na wenyewe unapanda. Unatokea pale kicheza muziki kinapochajiwa na gari lile lile kinalopelekea sauti: umeme unapata njia mbili za kurudi, na kelele za jenereta ya gari zinapenya kwenye muziki. Akachomoa chaji, mlio ukafa. Kwa safari ndefu akatuuzia kichujio kidogo cha kuweka katikati ya waya, elfu kumi na tano. Kama gari lako linalia hivyo, usikimbilie kununua spika mpya.

Sheria za kwenye gari

Sasa nakuja kwenye kile ambacho hakuna fundi atakayekufungia. Ukishapata oksi, mtagombea. Amini. Yeye rumba la taratibu, mimi Bongo Fleva. Sisi tumekubaliana hivi:

Anayeendesha hachagui. Anayekaa pembeni ndiye mtangazaji wa siku, na mwenzake haruhusiwi kukoroma wala kuguna mpaka wimbo uishe.

Dakika ishirini za mwanzo, muziki hakuna. Tunaongea. Mambo ya luku na ada tunayamaliza hapo hapo, ili muziki ukianza uwe muziki.

Na kama utaongeza kile kipokezi cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye oksi, kwa kuwa simu nyingi siku hizi hazina tundu la waya, jiandae kisaikolojia. Bluetooth haina siri. Inaweza kujiunga yenyewe na simu iliyoizoea, na ujumbe wa sauti ukiufungua, unasikika spika zote nne. Kama kuna sauti usiyotaka mwenzako aisikie kwa ukubwa huo, basi tatizo lako si redio.

Jumatatu iliyofuata tulitoka Mbezi kama kawaida. Bi Mdogo akasema yake. Dakika ishirini zikapita, tukiongea habari za bosi wake na meno ya Nasra. Ndipo nikafungua kikabati, nikachomeka. Yule kijana wa 2011 akajaza gari zima, anatuma salamu kwa msikilizaji wake pekee.

Foleni ilikuwa imesimama kabisa. Baba Nasra, macho barabarani, akasafisha koo. Kisha, kwa sauti ile ile, nzito kidogo kwa umri, akaanza: "Na sasa, wasikilizaji, taarifa ya hali ya barabara..."

Honi zikapigwa nyuma yetu. Magari ya mbele yalikuwa yameshaondoka, sisi hatuna habari.