Lori Lisilowaka: Kuifuata Dizeli Kutoka Tangini

Lori la dizeli linapokataa kuwaka alfajiri, aghalabu dereva huendelea kupiga stata hadi betri ikaishiwa na nguvu, kisha akaambiwa kwamba pampu imekufa. Hasara hiyo yaweza kuepukika iwapo dizeli itafuatwa kwa utaratibu, kuanzia tangini hadi kwenye silinda.

Hatua ya kwanza ni kutazama ekzosi. Iwapo stata inaizungusha injini vyema lakini hakuna moshi wowote, yamkini dizeli haifiki kwenye silinda. Moshi mweupe, kinyume chake, huashiria kwamba dizeli inafika ila haiungui.

Moshi unapokosekana, huchunguzwa kiasi cha dizeli tangini, kisha maji na uchafu kwenye chujio, na hatimaye hewa. Hewa ni adui msiri: huingia tangi linapokauka, au kupitia paipu iliyolegea upande wa kufyonza, ambapo huenda lisivuje hata tone. Ili kuitoa, skrubu ya chujio hulegezwa na pampu ya mkono kubonyezwa mpaka mapovu yakome. Hata hivyo, katika injini za kisasa, paipu za shinikizo la juu zisilegezwe kamwe kwa kusudi hilo. Shinikizo lake laweza kupita baa 1,000, na dizeli ikapenya ngozi.

Wahenga walinena, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayeinama chini ya lori kabla ya kununua pampu mpya huenda akagundua kwamba kilichohitajika ni kukaza klipu moja tu.