Pancha njiani na mzigo wa mteja: jeki isikuponze

Kila siku tunaongelea kupigana jeki kwenye mitaji. Leo naongelea jeki yenyewe, ile ya chuma inayokaa nyuma ya kiti cha dereva.

Mimi nauza mchele mtandaoni. Siku hiyo nilikodi kirikuu kupeleka mifuko 12 ya kilo 25, yaani kilo 300, kwa mama mmoja aliyekuwa na shughuli jioni. Njiani tairi la nyuma likapata pancha. Mama anapiga simu kila baada ya dakika tano, na mimi namharakisha dereva. Tukaegesha pembeni kwenye mchanga, jeki ikawekwa, gari likanyanyuliwa na mchele wote ukiwa juu. Tairi likatoka. Dogo anayenisaidia kupakia alikuwa ameshika pale ndani, akatoa mkono kufuata spea. Hapo hapo jeki ikalala. Gari likashuka na kujibamiza mchangani, pale pale mkono ulipokuwa.

Mama alighairi oda, nikarudi na mchele wangu. Vidole vya dogo vipo vyote. Baada ya hapo nikaanza kuwauliza mafundi, na haya ndiyo niliyoelewa.

Jeki ya kuzungusha haishuki yenyewe, meno ya skrubu yanaishikilia. Shida yake ni kulala. Ina kitako kidogo, na uzito wote wa kona ile ya gari unakaa pale. Ukiiweka kwenye mchanga inazama upande mmoja, inainama, kisha inaanguka. Kwa hiyo sogea taratibu mpaka sehemu ngumu na tambarare, hata kama tairi litaharibika kidogo. Tairi linanunulika. Kama hakuna sehemu ngumu kabisa, weka kipande cha ubao mpana na mnene chini ya jeki. Tofali usiweke, linapasuka ghafla.

Pili, shusha mzigo. Najua inauma kupanga mifuko barabarani watu wakikuangalia. Lakini gari likiinama, mifuko nayo inateleza upande mmoja na kuisukuma jeki. Pia soma uzito ulioandikwa kwenye jeki. Kama maandishi yamefutika na hujui inabeba tani ngapi, mimi siiamini.

Kabla ya kunyanyua: abiria wote washuke, vuta handibreki, ingiza gia, kisha weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. Wengi wanasema gia inatosha. Kwa kirikuu inayosukumwa na matairi ya nyuma haitoshi, kwa sababu ukinyanyua tairi moja la nyuma, hilo lililo hewani linaweza kuzunguka bure na gari likaondoka.

Legeza nati kidogo wakati tairi bado liko chini, nusu mzunguko tu. Ukisubiri gari liwe juu ndio uanze kuvutana na spana, unalitikisa mwenyewe. Halafu jeki ikae kwenye sehemu yake chini ya gari, ile iliyoimarishwa, isiwe kwenye bati. Zungusha taratibu, ukiona inaanza kuinama shusha, anza upya. Nyanyua tairi litoke tu, usipitilize.

Kitu nilichokipenda zaidi ni hiki: spea ilaze chini ya bodi ya gari, karibu na jeki. Ukitoa tairi bovu, lilaze hapo na uchukue spea. Jeki ikikusaliti, gari linaangukia tairi, sio mtu. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama simu yako imedondokea huko. Ivute kwa mti.

Kushusha nako wengi wanaharakisha. Kaza nati kwa mkono gari likiwa juu, toa lile tairi la chini, angalia miguu ya watu, ndipo ushushe polepole. Tairi likigusa chini, kaza nati kwa kupishana, ya huku kisha ya ng'ambo, ili tairi likae sawa. Ukienda kilomita chache simama uzikaze tena.

Na mteja? Mpigie kabla hajakupigia, mwambie una pancha, mtumie na picha. Mimi sasa nikikodi gari naangalia kwanza spea, jeki na spana ndipo naongelea bei, na ubao wangu nauweka chini ya mifuko.